Mambo ya Nyumbani: Ukuta wa Sebule ni wa Nani?



Mwezi huu imetufikia barua ya mwalimu mmoja wa bara, naye ameomba jina lake lisitajwe. Asema kwamba akaa katika nyumba ya shule yenye vyumba vitatu, na sebule yake ina ukuta mmoja tu mpana, maana kuta nyingine zimekatwa na milango na madirisha. Katika ukuta huo alitundika cheti chake cha ualimu, kimetiwa katika fremu ya kioo, na chini yake kalenda aliyopewa dukani. Siku moja alirudi kutoka darasani akaona cheti kimeshushwa, kimelazwa chumbani juu ya sanduku, na mahali pake pametundikwa kanga kuukuu ya marehemu bibi yake mkewe. Alipouliza sababu, mkewe alimjibu, “Cheti chako wanakijua wale waliokuajiri. Bibi yangu hapa hakuna amjuaye.” Tangu siku hiyo hawasemezani ila kwa habari ya maji na chumvi. Basi atuuliza: ukuta wa sebule ni wa nani, wa mume au wa mke?

Mimi si hakimu, wala sitaki kuingia kati ya mtu na mkewe. Lakini swali lenyewe ni la zamani sana, nao waliotutangulia walilijibu kwa namna zao, tena si kwa maneno bali kwa chokaa.

Atazamaye nyumba za mawe za Lamu, nyingi zilizo nzuri zikiwa za karne ya 18, ataona ya kuwa vyumba vyake vimefuatana, kimoja nyuma ya kingine, kuanzia daka la mlangoni. Kadiri mtu aingiavyo ndani ndivyo kuta zizidivyo kupambwa. Hata afikapo chumba cha ndani kabisa hukuta ukuta umejaa zidaka, yaani vishubaka vidogo vilivyopangwa safu juu ya safu, na kingo zake zimetiwa nakshi katika lipu ya chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la kuni. Ndani ya zidaka ziliwekwa sahani na mabakuli ya kauri yaliyotoka Uchina kwa njia ya bahari, na vitabu, na vitu vinginevyo vya thamani. Mgeni wa biashara hakuyaona hayo yote. Yeye alipokewa nje, akala, akalala, akaenda zake. Ukuta ule uliopambwa kuliko zote ulikuwa ukuta wa wenyewe.

Nao wenyewe ni nani? Hapa mwalimu wetu astahimili kidogo. Kwa desturi ya watu wakubwa wa mji ule, baba ndiye aliyemjengea binti yake nyumba, au orofa juu ya nyumba yake mwenyewe, wakati wa kuolewa kwake, na bwana arusi alihamia humo. Basi aliingia akakuta zidaka zimekwisha kujaa, na sidhani kama aliulizwa sahani ipi ikae wapi.

Watu wa pwani walipenda vyombo hivyo vya kauri kiasi cha kuvikandikia hata katika makaburi. Yako makaburi yenye nguzo huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na Mambrui, karibu na Malindi, ambayo sahani na mabakuli yalijengewa katika chokaa yake. Mahali pengi leo pamebaki alama ya mviringo tu, kwa kuwa waliopita wamevibandua vyombo wakaenda navyo.

Lakini mtu asifikiri kwamba kupamba ukuta ni jambo la wenye mawe na kauri tu. Katika Rwanda, upande wa mashariki, katika nchi iliyoitwa zamani Gisaka, wako wanawake waliopamba kuta zao za udongo kwa samadi ya ng’ombe, na kazi hiyo huitwa imigongo. Masimulizi ya wenyeji yamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeianza nyumbani kwake. Samadi mbichi huchanganywa na majivu ili harufu iishe na wadudu wasiingie. Kisha huchorwa mistari, na juu ya mistari ile mwanamke huinua matuta madogo kwa vidole vyake: pembe juu ya pembe, almasi ndani ya almasi, kombo na misumeno, hata ukuta wote ukawa kama umesukwa. Yakikauka husuguliwa yakalainika, ndipo hupakwa rangi. Rangi za asili ni nyeusi, nyeupe na nyekundu; nyeupe na nyekundu ni udongo, nayo nyeusi hutokana na majivu ya mimea. Hapana hata kimoja katika vitu hivyo kinachonunuliwa.

Kazi hiyo ilikuwa karibu kupotea. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanawake wa upande ule, na miongoni mwao wajane, waliishika tena wakafanya ushirika. Ila sasa huifanya juu ya vipande vya ubao, ili mtu aweze kuichukua. Nami naona neno hili lawahusu sana walimu. Mwalimu huhamishwa. Nyumba si yake, ukuta si wake, na misumari aliyoipigilia ataulizwa siku ya kuondoka. Basi heri pambo linaloweza kushushwa likafungwa katika mkeka na kupakiwa juu ya gari pamoja na masufuria.

Ndivyo alivyofanya pia Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia vipande vya mraba vya ubao laini wa kubandikia dari, na rangi ya mafuta ile ipakwayo baiskeli. Alichora chui, ndege na tembo. Alikufa mwaka 1972, lakini nduguze na wanafunzi wake waliendelea, na picha za namna ile zimekwenda mbali kuliko alivyokwenda yeye. Nimeingia nyumba nyingi hapa petu nikaona milima ya theluji na nyumba za mbao za Ulaya zimebandikwa ukutani kwa gundi. Sina neno na theluji, lakini sijapata kumwona mwenye nyumba aliyeweza kunieleza mlima ule ni upi.

Turudi kwa mwalimu. Kwa maoni yangu, cheti hakikudhulumiwa sana. Karatasi yenye wino, ikikaa miaka mingi mbele ya dirisha, hufifia hata muhuri usisomeke, na siku atakapotakiwa kukionyesha ataonyesha kioo. Akitoe nakala, nakala itundikwe, na cheti chenyewe kilale mahali pakavu penye giza. Kalenda ni ya duka; mwaka ukiisha nayo imekwisha, basi isikae katikati ya ukuta kana kwamba ndiyo mkubwa wa nyumba.

Lakini kanga nayo imetundikwa vibaya, na hapa mama ataniwia radhi. Mwalimu asema imepigiliwa misumari minne katika pembe zake. Kanga ina upana wa kama mita moja na nusu, na kuukuu hulegea. Uzito wake wote huning’inia katika matundu mawili ya juu, na baada ya masika mawili matundu hayo yatakuwa mipasuko. Inafaa kwanza ishonewe kwa nyuma kitambaa cha amerikani kilichokwisha kufuliwa kikarudi, ili amerikani ndiyo ibebe uzito. Kisha upindo wa juu wa amerikani ushonwe uwe kama mfuko mrefu, fimbo iliyonyooka ipitishwe ndani yake, na fimbo ifungwe kamba huku na huku. Hivyo nguo haiguswi na msumari hata mmoja. Tena isielekee dirisha la magharibi, maana jua la alasiri halina huruma na rangi nyekundu.

Habari ya kimo: watu wengi hutundika juu mno, karibu na dari, kana kwamba picha zaogopa kuku. Sebule ni mahali pa kukaa, si pa kusimama. Katikati ya picha pawe kama sentimita 145 kutoka sakafuni, au chini ya hapo kidogo, na juu ya mgongo wa kiti paachwe shibiri moja. Kanga itundikwe ili jina lake lisomeke kwa mtu aliyeketi. Mwalimu hakutuandikia jina la kanga ile, nami nashuku kuwa laweza kuwa limo katika ugomvi.

Kuhusu misumari, kila ukuta una tabia yake. Ukuta wa udongo haushiki msumari. Tafuta ufito ulio ndani ukafunge kamba hapo. Ukuta wa matumbawe humeza msumari ukalegea. Toboa, tia kabari ya mti mkavu, ndipo upigilie katika kabari. Na katika nyumba ya shule au ya kupanga, yatosha papi moja ndefu iliyopigiliwa juu, toka pembe mpaka pembe, kwa ruhusa ya mkubwa. Kila kitu kitaning’inia kwa kamba kutoka katika papi ile, na mke na mume waweza kusogeza mambo yao kila mwezi bila kutoboa tundu jipya. Ukuta wa mwalimu, nikiukadiria kwa maelezo yake, wachukua kanga katikati, nakala ya cheti upande mmoja, na picha ya arusi yao, ambayo hakuitaja po pote, upande wa pili. Je, iko wapi?

Kabla ya kupaka rangi mpya, neno moja kwa wenye watoto: rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa risasi, nayo ni sumu ya ubongo wa mtoto. Msizikwangue kavu vumbi likaruka. Lowesheni kwanza, watoto wakiwa nje, na mabaki yote yakusanywe yatupwe mbali.

Na kabla ya kutundika kitu cho chote kisichoweza kupatikana tena, weka kiganja chako ukutani asubuhi. Hili nalisema kwa maumivu yangu mwenyewe. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, nami niliona aibu kwa lipu yake inayomomonyoka. Fundi akanishauri tupige saruji, nami nikakubali, maana ilikuwa laini na imara, na majirani waliisifu. Katika ukuta ule nikatundika picha ya mama yangu, aliyopigwa Unguja alipokuwa kijana. Ndiyo moja tuliyokuwa nayo.

Sikujua kwamba ukuta wa matumbawe hunywa maji ya ardhini pamoja na chumvi, na kwamba chokaa huuachia upumue. Saruji huuziba. Maji yakikosa mlango hupanda juu yakitafuta mwingine, na chumvi ikikaukia ndani huipasua lipu kwa nyuma. Msimu wa pili ukuta ulitoka jasho, nyuma ya fremu kukaota ukungu, na picha ikagandamana na kioo. Tulipojaribu kuitoa, nusu ya uso ilibaki katika kioo. Wanangu wawili wa mwisho hawakuwahi kumwona bibi yao. Wao wamjua kwa shavu moja.

Kwa hiyo nilipoisoma barua ya mwalimu, na lile jibu la mkewe, nililiweka chini nikakaa kitambo.

Fremu ingalikuwa na vipande viwili vya mti nyuma ya pembe zake za chini, hewa ingalipita. Picha ingalikuwa na ukingo wa karatasi nene kati yake na kioo, isingaliganda. Ni kazi ya nusu saa. Saruji yenyewe tumekwisha kuibandua, na ukuta umeachwa wazi tangu kiangazi ukauke. Ukikauka tutapiga lipu ya chokaa, kisha tutapaka maji ya chokaa, membamba kama maziwa, mara tatu, kila mara ukuta ukiwa umelowanishwa kwanza. Chokaa ikikauka hunywa tena katika hewa kile ilichonyang’anywa na moto, ikarudi kuwa jiwe. Lakini bado kuna doa la maji kimo cha goti, nasi twangoja.

Mwalimu, nenda kanunue papi. Ukifika nayo nyumbani, mwombe mama akueleze bibi yake alikuwa mtu wa namna gani, nawe ushike nyundo wakati anapokueleza. Tena, kama hapana neno, tuandikie jina la kanga ile. Sisi hapa tumekwisha kubahatisha mara nyingi.