«Mungu alijua»: neno linalomwokoa mwenye boti

Kwenye vilio vyetu vya Kivu kuna neno moja ambalo limekuwa kama sala: «Mungu alijua.» Pasta analisema, mkubwa wa jamaa analisema, na bote banaitika «Ndiyo.» Ndugu wasomaji, mimi sipingi kwamba Mungu anajua. Ninapinga namna tunavyolitumia neno hilo. Kutoka mdomoni mwa mhubiri mpaka masikioni mwa watu limekwisha geuka: «Mungu alijua» imekuwa «Mungu alipanga», na «Mungu alipanga» imekuwa «hakuna mtu wa kuulizwa».

Tuchukue jambo lenye tarehe. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya Goma, karibu na bandari ya Kituku, watu wa kandokando wakitazama. Vita ilikuwa imekata barabara, kwa hiyo wamama wa soko na vyakula vyao walipitia ziwani. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba ndani mlikuwa na watu 278, na kwamba 78 wamekufa. Boti ilijazwa kupita kiasi. Je, Mungu alijua? Mkristo hawezi kujibu hapana. Lakini kujua kwa Mungu hakukuongeza hata kilo moja ndani ya boti ile.

Wenye kusoma watanijibu, maana kati yetu hawakosekani waliopita seminari: «Mungu hawezi kukosea. Kama jana alijua kwamba boti itazama leo, basi haikuwezekana isizame. Mwenye boti angefanya nini?» Hoja hii ina nguvu, tusiidharau. Wengi wanaijibu kwa mfano wa mwalimu: mwalimu anajua mwanafunzi mvivu ataanguka mtihani, lakini si yeye anayemwangusha. Mimi ni mwalimu, na ninasema mfano huu hautoshi. Mwalimu anakisia tu, na kila mwaka kuna mtoto anayemwaibisha! Mungu hakisii.

Jibu zuri zaidi alilitoa Mwafrika, Agostino wa Hippo, katika kitabu chake juu ya uhuru wa utashi, alichokiandika kati ya mwaka 388 na 395: kukumbuka kwako jambo la jana hakukulilazimisha litendeke, vivyo hivyo na kujua kwa Mungu jambo la kesho. Boethius, akiwa kifungoni karibu na mwaka 524, aliongeza kwamba kwa Mungu hakuna jana wala kesho, yote iko mbele yake sasa. Na Tomaso wa Akwino akaleta mfano wa njia: anayetembea hawaoni wanaokuja nyuma yake, lakini aliye juu anawaona wote kwa pamoja. Sisi watu wa milima hatuhitaji kuelezwa sana. Ukiwa juu ya kilima ukaona mtu anateleza kule bondeni, si macho yako yaliyomtelezesha.

Anayetaka Biblia yenyewe afungue Samweli wa kwanza, sura ya 23. Daudi yuko Keila. Anamuuliza Mungu kama Sauli atakuja, na kama wenyeji watamtoa mikononi mwake. Anajibiwa ndiyo, mara zote mbili. Daudi alifanya nini? Hakukaa pale akisema kazi ya Mungu haina makosa. Alichukua watu wake, kama mia sita, akaondoka, na Sauli aliposikia hivyo akaacha safari yake. Mungu alimjulisha kitu ambacho kingetokea kama angebaki. Kutembea kulibaki kazi ya miguu ya Daudi.

Hata Calvin, ambaye wengine wanamtaja ili kutetea kwamba yote imekwisha pangwa, aliandika kwamba Mungu aliyewekea maisha yetu mpaka alitupatia pia akili ya kuona hatari na kujikinga. Banamusoma nusu.

Na kwa kuwa kijitabu hiki ni cha mila: kuna wanaosema kwamba kunyamaza mbele ya kifo ni hekima ya bazee. Si kweli. Bazee walipopatwa na kifo cha ghafula waliuliza kimetoka wapi. Kwa Waluba wa Katanga, mlaguzi na mwenye shida walishika wote wawili kile kifaa kidogo cha mbao, kashekesheke, na kutafuta chanzo cha shida ili jambo litengenezwe. Mara nyingi jibu la walaguzi lilikuwa baya: mama mzee asiye na kosa aliitwa mchawi, na mpaka leo kuna wanaouawa hivyo. Silitetei hata kidogo. Jibu lile tulitupe. Kwa nini tutupe na ulizo?

Wengine wananiambia: «Mwalimu, mwachie mama aliyefiwa faraja yake.» Hapo ndipo panaponichoma. Mama akijiambia mwenyewe kwamba mtoto wake yuko mikononi mwa Mungu, nani atamkatalia? Lakini mara nyingi si yeye anayesema. Anaambiwa, na mwenye chombo amekaa kiti cha mbele, amekwisha toa bahasha yake. (Sisemi juu ya mwenye Merdi, hiyo ni kazi ya tribinali.) Faraja ya mama imegeuka hati ya kumwachilia mwingine.

Wapasta wetu, mapadri wetu, kwenye kilio kijacho cha ziwa, kabla ya sala, mgeukieni mtu yule wa kiti cha mbele na mumuulize mbele ya wote: abiria walikuwa wangapi? Nani aliwahesabu? Jile za kuokolea zilikuwa ngapi?