Je, Yafaa Kugusa Mipangilio ya Simu?

Swali la juma hili latoka kwa wazazi, latoka kwa vijana pia, nao huliuliza kwa namna mbili. Wazazi wasema: "Mtoto asiingie mle ndani ya simu, ataiharibu." Vijana wasema: "Mzee haingii mle ndani, ndiyo maana simu yake haimfai." Wote wazungumzia mahali pamoja, yaani pale penye alama ya gurudumu la meno, palipoandikwa Mipangilio. Kompyuta nayo ina mahali kama hapo. Basi, mtu asiyesomea mambo haya yafaa aingie, au awaachie mafundi?

Jibu letu ni hili: yafaa aingie, lakini ajue kwanza njia ya kutokea. Mwenye kuogopa kila kitu hupata hasara, na mwenye kugusa kila kitu hupata hasara vilevile. Tutazame kwanza hasara ya mwoga, maana hiyo haisemwi sana.

SAA YA NG'AMBO

Wilaya zetu za Kasulu na Kibondo zimepakana na Burundi. Sisi twafuata saa ya Afrika ya Mashariki, ambayo imetangulia saa ya Greenwich kwa saa 3. Wenzetu wa Burundi wafuata saa ya Afrika ya Kati, iliyotangulia kwa saa 2 tu. Kwa hiyo, kwetu ikiwa saa moja kamili asubuhi, kwao ni saa kumi na mbili.

Simu nyingi za siku hizi zimepangwa zijirekebishe saa kwa kufuata mnara zilioushika. Tena mawimbi ya mnara hayajui mpaka. Hayasimami kwenye kizuizi wala hayaulizwi kitambulisho. Mtu akiwa mlimani karibu na mpaka, na mnara wa kwetu umefifia, simu yake yaweza kushika mnara wa ng'ambo. Hapo saa yake hurudi nyuma kwa saa nzima, kimya kimya, na mwenyewe hana habari.

Tuseme gari la kwenda Kigoma laondoka saa kumi na mbili alfajiri. Mama ana mtoto mgonjwa, na mkononi ana barua ya kumpeleka hospitali ya Maweni. Aamka, atazama simu, aona saa kumi na moja. Atulia, ampa mtoto uji, amfunga vizuri kitenge, ashika njia. Kufika kituoni, gari limekwisha ondoka. Mama huyo hakuwa mvivu, wala dereva hakumdhulumu. Simu imemdanganya.

Tena si saa peke yake. Simu iliyoshika mnara wa nchi nyingine yaweza kutoza bei ya ugenini, na vocha ya shilingi elfu moja ikaisha kabla mtu hajasalimia watu wa nyumbani.

Dawa ya mambo haya haiuzwi dukani. Imo katika Mipangilio. Penye habari za tarehe na saa, simu nyingi za kupangusa zina vitufe viwili: kimoja chafuata saa ya mtandao, kingine chafuata majira ya nchi yaliyotajwa na mtandao. Kile cha kwanza kiache kama kilivyo. Kile cha pili kizime, kisha chagua mwenyewe majira ya Dar es Salaam au Nairobi, yaani GMT+03:00. Miji hii miwili yafuata saa moja. Penye habari za mtandao wa simu, zima data ya ugenini. Ikiwa simu yako bado yavuka mpaka mara kwa mara, acha kuiruhusu ijichagulie mtandao, uichagulie mtandao wako mwenyewe. Ila ukisafiri kwenda nchi nyingine, kumbuka kuirudisha kama ilivyokuwa, la sivyo utakaa bila mawasiliano ukidhani minara ya huko ni mibovu.

Haya aliyesoma hadi darasa la nne aweza kuyafanya. Lakini wapo watu wanaoishi mwaka mzima na simu yenye saa ya uongo, kwa kuwa waliambiwa zamani: "Usiguse."

TAREHE SI MCHEZO

Sasa tumgeukie yule mgusaji. Huyu, akisikia kwamba saa yaweza kubadilishwa, hufungua kila kitufe cha ukurasa ule. Asogeza siku, asogeza mwezi, mwaka nao amerudisha hadi 2010. Kisha ashangaa: WhatsApp yakataa, yasema tarehe si sahihi. Kurasa za intaneti zagoma, moja baada ya nyingine. Aenda kwa fundi akilia kwamba simu imeingia virusi.

Virusi hakuna. Mahali pengi pa intaneti pana cheti cha kujitambulisha, nacho chaonyesha tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Simu hukikagua kama karani akaguavyo cheti kilicholetwa ofisini. Ikiwa simu yaamini kwamba huu ni mwaka 2010, nacho cheti kimetolewa mwaka huu tulio nao, itasema cheti hiki hakijaanza kutumika, na mlango hautafunguliwa. Yafanya kazi yake vema, ila imepewa kalenda ya uongo.

Hata kompyuta ya mezani ina jambo kama hili. Ndani yake mna betri ndogo, mviringo kama sarafu, inayotunza saa umeme ukiwa umezimwa. Betri ikichoka, kila asubuhi kompyuta huamka na tarehe ya miaka iliyopita. Mtu airekebisha leo, kesho imerudi, naye aanza kuvuruga mipangilio mingine akitafuta kosa. Kosa halimo katika mipangilio. Atafute betri nyingine ya namna ile ile, basi.

Kuna jambo kubwa zaidi lililotokea ulimwenguni kwa ajili ya tarehe. Mwezi wa Februari 2016 picha ilienea katika intaneti, ikiwaambia wenye simu za iPhone: "Weka tarehe ya 1 Januari 1970, izime simu, iwashe tena, nawe utaona nembo ya zamani ya Apple." Wengi walitii. Simu zao zilizimika, zisiwake tena. Kampuni ya Apple ilieleza kwamba kuweka tarehe ya Mei 1970 au kabla yake kwaweza kuizuia simu isiwake, nayo ikatoa marekebisho mwezi wa Machi 2016. Simu za bei ya ng'ombe mzima ziliharibiwa na vidole vya wenyewe, kwa kuamini picha ya mtu asiyejulikana.

Wala hilo halikuwa la kwanza. Mwaka 2001 barua za kompyuta zilipita kutoka rafiki hata rafiki, zikionya: "Tafuta jalada liitwalo sulfnbk.exe. Ukiliona, ni virusi, lifute upesi, uwaambie na wenzako." Watu walitafuta, wakaliona, wakaogopa, wakalifuta. Kumbe lilikuwa sehemu halali ya Windows, na ndiyo sababu waliliona. Aliyepeleka barua kwa rafiki zake alidhani awasaidia. Mwaka uliofuata hila ile ile ilirudi kwa jalada jingine, lenye alama ya dubu mdogo, na watu wakafuta tena.

Katika mambo haya yote madhara hayakuletwa na kuingia ndani. Yaliletwa na kubadili kitu kwa neno la mtu mwingine, bila kujua kitu chenyewe ni nini wala namna ya kukirudisha.

UA, CHUMBA NA GHALA

Nyumba ya mtu ina mahali pa wageni wote, ina chumba cha ndani, tena ina ghala ya mbegu. Mipangilio nayo iko hivyo.

Kwanza, ua. Hapa pana ukubwa wa herufi, mwanga wa kioo, sauti, picha ya nyuma, na kuipunguzia simu ulaji wa bando. Ingia bila hofu. Mzee asiyeona vizuri akikuziwa herufi, ataisoma mwenyewe barua ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam, wala hatahitaji kumpa jirani asome siri za nyumbani. Ukikosea hapa, hakuna kilichopotea.

Pili, chumba cha ndani. Hapa pana lugha, saa, mtandao na namba ya siri ya kufungulia simu. Ingia, lakini kama mrina asali aingiavyo pori la mbali: kila apitapo avunja kitawi, ili njia ya kurudi aijue. Mtoto akibadili lugha ikawa ya Kichina, usimpige na usikimbilie fundi. Alama za picha hazibadiliki. Mwenye kukumbuka kwamba aliingia penye gurudumu, akashuka hadi mstari fulani, atarudi kwa njia ile ile ijapokuwa hawezi kusoma neno hata moja.

Tatu, ghala ya mbegu. Kilichopotea hapa hakirudi, au harudi ila kwa gharama. Hapa pana kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Kufanya hivyo hufuta picha, namba na ujumbe uliomo. Tena simu za Android, tangu namna ya 5.1 ya mwaka 2015, zaweza baadaye kudai akaunti ya Google iliyokuwamo kwanza. Usipoijua, umebaki na kioo cheusi mkononi. Kwa hiyo anunuaye simu iliyotumika amwombe muuzaji aiondoe akaunti yake mbele ya macho yake, kabla ya kutoa fedha.

Hapa pana namba ya siri ya laini. Ukiikosea mara 3, laini hufungwa, nawe huulizwa namba ya PUK. Ukikosea PUK mara 10, laini hiyo imekufa, na itakubidi uende kwa watu wa mtandao wako na kitambulisho chako cha taifa. Usibahatishe kamwe.

Hapa pia pana namba ya IMEI, yenye tarakimu 15, ambayo utaiona ukibonyeza *#06#. Mwezi wa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia nchini, walitokea watu wa kusema kwamba waweza kubadili namba hiyo. Mjue kwamba kufanya hivyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Itazame namba yako, iandike mahali, ikufae simu ikiibwa. Kuibadili usikubali.

Mwisho, zipo namba za kubonyeza anazokupa mtu usiyemjua. Namba ianzayo na **21* huzipeleka simu zako zote kwa mtu mwingine. Mwizi akijidai ni mfanyakazi wa mtandao akuambia bonyeza hiki, kisha hiki, nawe wafungua mlango kwa mkono wako. Ukishuku kwamba umefanyiwa hivyo, bonyeza ##002# upige, simu zako zitaacha kupelekwa pengine. Na namba ya tapeli ipeleke TCRA kwa 15040.

DAFTARI LA NYUMBANI

Sasa twatoa shauri kwa kila nyumba. Nunueni daftari dogo, lisiwe na kazi nyingine. Kabla ya kubadili kitu chochote cha chumba cha ndani, andika kilivyo sasa. Badili kimoja tu, utazame kutwa nzima imekuwaje, ndipo uende kwa kingine. Abadiliye vitu vitano kwa mara moja hatajua ni kipi kilichomponya wala ni kipi kilichomdhuru. Lakini namba za siri za fedha msiziandike humo.

Nanyi vijana, mlio wepesi wa vidole, neno moja kwenu. Wengi wenu hutengeneza simu ya bibi kwa dakika mbili, mkaweka na namba ya kufungulia, mkarudi shule ya bweni bila kusema. Bibi abaki na simu iliyofungwa, na fedha za chumvi na dawa alizotumiwa zimo humo humo. Afadhali usiiguse, au uiguse ukikaa naye, umwonyeshe ulichobadili, yeye mwenyewe akifanye mara tatu mbele yako. Usimcheke akisahau. Alikuonyesha mara nyingi kuliko hizo namna ya kushika jembe.

Nanyi wazazi, msiseme "usiguse" tu. Mtoto akatazwaye bila kuelezwa hungoja mkitoka kwenda shambani. Kaeni naye, mfungue pamoja, muulizane: hiki ni nini, kilikuwaje, tutakirudishaje? Mambo matatu hayo yakijibiwa, guseni. Moja likikosa jibu, ngojeni mpate mtu wa kuwaeleza.

Leo jioni anzeni na saa. Wekeni simu zote za nyumbani mezani, mzilinganishe na saa ya redio. Ikiwa moja imebaki nyuma kwa saa nzima, mmekwisha jua imetazama wapi.