Mgonjwa wa figo asinyimwe nyama ovyo

Kuanzia Mtwapa hadi Ngomeni, mtu akishaambiwa figo zake zina shida, jamaa na majirani humpa ushauri mmoja: acha nyama ya ng'ombe. Naye huacha. Kisha huandaliwa ng'onda kwa ugali, supu ya mifupa ya kuongeza damu, na dafu la kusafisha figo. Tunasema wazi: ameepushwa na dogo, akatumbukizwa kwenye kubwa.

Nyama ya ng'ombe si sumu ya figo. Hoja ni kiasi, na kiasi hutegemea hatua ya ugonjwa. Mtu wa kilo 60 ambaye figo zimedhoofika lakini hajaanza kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida hushauriwa apate kama gramu 48 za protini kwa siku. Kipande cha mnofu kinachoenea kiganjani, vidole tusivihesabu, kina gramu 20 na ushei. Kuku na changu hawako mbali na hapo. Yai moja lina 6. Ugali, wali na mbaazi navyo vina protini yake. Basi kipande kimoja kinamtosha. Sinia la nyama choma, hapana.

Akianza mashine, hesabu inageuka. Kila akisafishwa damu, sehemu ya protini hupotea, kwa hiyo mtu yuleyule sasa anahitaji gramu 60 hadi 72. Hapa ndipo huruma ya nyumbani inapodhuru. Mgonjwa anarudi kutoka hospitali amechoka, anapewa uji mtupu kwa kuwa nyama "ni mbaya". Hukonda, misuli ikaisha, maradhi mengine yakampata kwa urahisi.

Adui tuliyemzoea hapa pwani ni chumvi. Kikomo cha siku nzima ni kama gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na papa mkavu hubaki na chumvi nyingi hata akilowekwa usiku kucha. Dafu nalo limejaa potasiamu. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa, na ikizidi damuni moyo unaweza kusimama ghafla. Na supu? Figo ndizo zinazotoa homoni ya kuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Homoni hiyo ikipungua, supu ya mifupa haiwezi kushika nafasi yake. Tiba yake iko kwa daktari.

Mbaazi na kunde, zilizokatazwa miaka mingi kwa sababu ya fosforasi, zinastahili kurudi mezani kwa kipimo. Fosforasi yake huingia mwilini kidogo kuliko ya nyama, ilhali ile inayotiwa kiwandani kwenye soseji huingia karibu yote. Zilowekwe, zichemshwe, maji yamwagwe, na tui lisiwe zito.

Serikali ya Kaunti ya Kilifi iweke mtaalamu wa lishe katika kila kliniki ya figo, kisukari na presha, amwonyeshe mgonjwa kipimo chake kwa vyakula anavyovijua, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama. Nawe mwenye mgonjwa nyumbani, kabla hujamwondolea nyama sahanini, muulize daktari mambo mawili: ugonjwa umefika hatua gani, na potasiamu yake ni ngapi.