Nani Aliyeizika Kruoja?

Ukitafuta kumbukumbu za soka la Lithuania, klabu ya Kruoja ya mji wa Pakruojis utaikuta imemalizwa kwa mstari mmoja: ilianzishwa 2001, ilijitoa ligi kuu 2015. Basi. Mstari huo niliusoma kwa sauti kwenye semina ya wanafunzi wa uzamili hapa Kaunas, nikiwasilisha sura ya tasnifu yangu kuhusu klabu za miji midogo, na kabla sijavuta pumzi mwenzangu mmoja akauliza, "Mji wa watu elfu tano ulikuwa unatafuta nini Ulaya?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jibu nilikuwa nalo mbele yangu, limechapwa. Nikafunga kompyuta, nikasema "tuendelee."

Sasa nijibu, ingawa nimechelewa.

Kwanza jina. Kruoja ni mto. Pakruojis maana yake ni mahali palipo kando ya Kruoja, kwa hiyo mji na klabu vilichota jina kwenye maji yaleyale. Uko kaskazini mwa nchi, eneo la mashamba, una kasri la zamani la mabwanyenye na kinu cha upepo, na una sinagogi la mbao la mwaka 1801, kongwe kuliko masinagogi yote ya mbao yaliyosalia Lithuania. Waumini wake waliuawa mwaka 1941. Jengo liliungua moto, likakarabatiwa likakamilika 2017. Sifananishi msiba ule na mpira, Mungu aepushe. Nasema tu kwamba mji huu unajua kutunza kumbukumbu zake, na hakuna aliyesimama kusema jengo lile ni kubwa mno kwa mji mdogo.

Tuje kwenye mpira. Watu husimulia Kruoja kana kwamba ilivamia ligi kuu kwa tamaa, ikala kisichokuwa chake, ikavimbiwa. Tazama mwaka ilipoingia: 2009. Kabla ya msimu ule, FBK Kaunas, mabingwa mara nane, waliondoka ligi kuu baada ya kugombana na shirikisho. Atlantas ya Klaipėda ikaondoka nayo. Žalgiris ya Vilnius ilikuwa imefilisika. Ligi ya taifa zima ikabaki na timu nane, na ili zifike hizo nane ilibidi Pakruojis iwemo. Yaani wakubwa walipogombana wakaacha viti wazi, wadogo ndio walioitwa kukaa ili ligi iendelee kuitwa ligi. Leo wanaulizwa nani aliwapa kiti.

Na wakakikalia vizuri. Mwaka 2014 Kruoja ilimaliza ya pili nchi nzima, nyuma ya Žalgiris tu. Ya pili! Mji ambao ukienda kwa basi na ukasinzia kidogo umeshaupita.

Ulaya, nakubali, ilikuwa balaa. Mwaka 2013 walikutana na Dinamo Minsk wakafungwa tatu, halafu tano. Mwaka 2015 Jagiellonia ya Poland iliwafunga moja, halafu nane. Jumla ni mechi nne, mabao kumi na saba ya kufungwa, la kufunga hakuna hata la kuotea. Msimu huohuo wa 2015 klabu ikajitoa ligini, ikafa. Ukiiandika hivyo, moja baada ya nyingine, inaonekana kama hukumu iliyotolewa na akili ya kawaida: mdogo alipanda mti, mdogo akaanguka.

Hoja hiyo ni ya kivivu, na nashangaa inavyopita bila kukaguliwa kwenye vyumba vya watu waliosoma. Kama udogo ndio ugonjwa, niambieni FBK Kaunas ilikufa kwa nini. Kaunas ni jiji la pili la nchi. Mwaka 2008 timu hiyo iliitoa Rangers ya Scotland kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Miezi michache baadaye haikuwemo hata kwenye ligi kuu ya kwao, na miaka michache mbele haikuwepo kabisa. Niambieni Ekranas ya Panevėžys ilikufa kwa nini, nayo ilichukua ubingwa mara tano mfululizo, 2008 hadi 2012. Panevėžys ni mji wa tano kwa ukubwa. Nayo ilisambaratika miaka ileile ya Kruoja. Vėtra ilizaliwa Rūdiškės, kijimji kidogo kuliko hata Pakruojis, ikahamishiwa Vilnius 2003 ili ikue, ikakua kweli, na mwaka 2010 ikafukuzwa ligini katikati ya msimu kwa sababu ya madeni. Mji mkuu haukuiponya.

Kwa upande mwingine iko Banga ya Gargždai, timu ya tangu 1966, mji wa watu kama elfu kumi na tano. Imeshuka, imepanda, imeshuka tena. Mwaka 2024 ilitwaa Kombe la Lithuania. Sasa sheria yenu ya udogo inasemaje hapo?

Kinachoua ni klabu kuishi kwa mfuko wa mtu mmoja au wadhamini wawili, katika nchi ambayo mapenzi, televisheni na pesa vyote viko kwenye mpira wa kikapu. Mfuko ukitoboka, jiji na kijiji vinalala njaa sawasawa. Tofauti inakuja baada ya mazishi, na hapa ndipo ugomvi wangu hasa ulipo.

Žalgiris ilipofilisika, mashabiki walianzisha klabu mpya mwaka 2009, yenye jina lililobadilishwa kidogo, ikaanzia daraja la pili. Kisheria ni kitu kingine. Lakini fungua kumbukumbu zozote: historia ya Žalgiris inaanza 1947 na inateremka bila kukatika mpaka leo. Sawa kabisa, mimi naiunga mkono. Watu walewale, rangi zilezile, nyimbo zilezile. Nani ana haja ya cheti cha usajili?

Pakruojis nao, baada ya 2015, walipata timu nyingine yenye jina la mji, ikacheza Pirma lyga. (Maana yake ni ligi ya kwanza, ingawa ni daraja la pili. Usiniulize.) Hiyo ikahesabiwa klabu nyingine, historia nyingine, ukurasa mwingine. Kruoja imekufa, imefungiwa kwenye mabano na tarehe zake mbili. Mji mkuu ukifilisika unasemekana umepitia kipindi kigumu. Mji mdogo ukifilisika unasemekana umekoma.

Sisemi Kruoja haina kosa. Klabu ikijitoa katikati ya msimu inawaacha wachezaji barabarani, na ratiba ya wenzake inabaki na mashimo. Walioiongoza wana la kujibu. Lakini mtoto aliyekuwa akienda uwanjani 2014 kuona timu ya pili nchini, na akaenda tena baadaye kuona timu ya daraja la pili, hakuvuka mpaka wowote. Alipita njia ileile. Wanaohesabu madaraja ndio wanaoona pengo.

Basi kwenye jedwali la tasnifu nimeunganisha mistari miwili ya Pakruojis ikawa mmoja, kama ile ya Žalgiris ilivyo. Rasimu imerudi wiki iliyopita. Msimamizi wangu amezungushia mstari wa Pakruojis wino mwekundu: "Ni taasisi mbili tofauti kisheria. Rekebisha." Mstari wa Žalgiris, juu kidogo tu kwenye ukurasa huohuo, hakuugusa.

Natakiwa kurudisha Ijumaa. Mpaka naandika haya sijarekebisha, ila nimeongeza tanbihi moja chini ya jedwali, nikimuuliza kama na Žalgiris niigawanye.