Marehemu alipoacha kuitwa "wewe"

Juu ya Waprotestanti wa kwanza na kufutwa kwa toharani yameandikwa mengi. Mimi mwanafunzi wa lugha nashangazwa zaidi na kiwakilishi kimoja. Katika Kitabu cha Sala cha Uingereza cha mwaka 1549, padri kaburini alisema na maiti mwenyewe, akimwambia "wewe" alipoikabidhi roho yake kwa Mungu. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1552, kitabu kikarekebishwa: maneno yakaelekezwa kwa waombolezaji, na marehemu akawa "yeye", mtu wa kusemwa.

Hoja yao naijua. Pasipo toharani, maneno ya walio hai hayamfai kitu aliyekufa, na biashara ya misa za wafu inakwisha. Hoja ina nguvu. Lakini wafiwa walinyang'anywa pia kitu ambacho hakikuwa kinauzwa. Luther mwenyewe, alipofiwa na binti yake Magdalena mwaka 1542, mtoto wa miaka 13, alimwita jeneza likiwa wazi kwa jina la kumdekeza, akamwambia kwamba atafufuka. Hakumwombea, alisema naye tu. Sioni waliorekebisha kitabu waliogopa nini hapo.