Fataki za Kodi Yetu: Hesabu Ionyeshwe Kwanza



Kila mwaka unapokaribia kwisha, na kila sikukuu ya taifa inapotayarishwa, swali hili hurudi katika karakana, katika stesheni na katika nyumba za landhi: je, ni haki fedha za kodi kuchomwa hewani kwa fataki? Ndugu wengine husema ni upotevu mtupu. Wengine hujibu, mwacheni maskini naye aone kitu kizuri mara moja kwa mwaka bila kuulizwa tikiti. Pande zote mbili zina watu wenye akili, na kwa hiyo gazeti hili limeona ni vizuri litoe maoni yake.

Kwanza tutenge mambo. Tajiri mwenye hoteli akipiga fataki usiku wa mwaka mpya ili wageni wake wafurahi, hiyo ni mali yake, ingawa mbwa wa jirani hawatakubali. Sisi twasema juu ya fataki zinazolipiwa na serikali kuu, au kaunti, au shirika la umma. Wala mtu asidhani ya kwamba yeye hamo kwa sababu mshahara wake ni mdogo na haukatwi kodi ya mapato. Kibarua anayenunua kipande cha sabuni dukani amekwisha kulipa VAT, asilimia 16, hata kama hajui maana ya herufi hizo. Mama anayeuza mboga Muthurwa amelipa. Basi kila mmoja wetu anayo haki ya kuuliza fedha zilikwenda wapi.

Jambo la pili, sisi watu wa reli si wageni wa baruti. Kila mwenye kazi ya njia anavijua vile vikebe vidogo vya baruti vinavyofungwa juu ya reli mahali penye hatari. Mtu hutumwa mbele na bendera nyekundu, huvifunga, na gurudumu likivikanyaga hulia kwa kishindo, na dereva hujua ya kwamba lazima asimame hata kama ukungu umeficha bendera. Kishindo kile kimeokoa watu wengi. Fataki ni baruti pia, imetiwa chumvi za madini ili iwake kwa rangi: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu hutoa kijani, shaba hutoa buluu. Baada ya dakika chache hubaki moshi na makaratasi ya kufagia. Kwa hiyo mtu akisema fataki hazina faida kama ya kikebe chetu, amesema kweli, lakini hajamaliza maneno, kwa maana hata wimbo hauna faida ya namna hiyo, na hakuna mtu anayetaka kuufuta.

Wazee wetu waliostaafu husimulia usiku wa tarehe 12 Desemba 1963, pale Uhuru Gardens. Taa zilizimwa saa sita za usiku, bendera ya Mwingereza ikashuka gizani, taa zikawashwa na yetu ikaonekana juu ya mlingoti, kisha fataki zikapigwa. Hatujamsikia mzee hata mmoja aliyesema fedha zile zilipotea. Watu walikuwa wamelipia usiku ule kwa vifungo, kwa vijiji vya kufungiwa na kwa maisha ya watu, na baruti ile ilikuwa sehemu ndogo kabisa ya gharama. Lakini uhuru hupatikana mara moja. Jambo la mara moja likigeuzwa desturi ya kila mwaka, na kila mkubwa akitaka za kwake ziwe kubwa kuliko za mwenzake, hapo lazima tuulize.

Mambo haya ni ya zamani. Huko Ufaransa, tarehe 30 Mei 1770, mji wa Paris ulipiga fataki kusherehekea ndoa ya mtoto wa kifalme ambaye baadaye alikuwa Mfalme Louis XVI. Watu walikuwa wengi, njia ya kutokea ilikuwa nyembamba, wakasongamana, na watu 132 wakafa kwa kukanyagana. Mfalme huyo mwenyewe alikuja kuondolewa na raia wake. Hatusemi ni fataki zilizomwondoa. Twasema tu ya kwamba usalama wa watu na njia ya kuwarudisha nyumbani ni gharama pia, na asiyeihesabu hana haki ya kusema onyesho lake lilikuwa rahisi.

Sasa tuje karibu na siku zetu, mahali fataki zinapohesabiwa hadharani, yaani Sydney, Australia. Mwisho wa mwaka 2019 jimbo la New South Wales lilikuwa linaungua kwa moto wa msituni. Nyumba ziliteketea, na wazima moto wengi walikuwa watu wa kujitolea wasio na mshahara. Watu zaidi ya 250,000 walitia sahihi zao kuomba fataki za mwaka mpya zifutwe na fedha wapewe wakulima na wazima moto. Halmashauri ya mji ilikataa. Ilisema onyesho lagharimu kama dola milioni 6.5 za kwao, fedha nyingi zimekwisha kutumika miezi mingi nyuma, na biashara ya mji hupata kama milioni 130 kwa ajili ya usiku huo. Fataki zikapigwa.

Hesabu hii itazameni vizuri, ndugu, kwa maana hata hapa kwetu mtaletewa iliyo kama hiyo. Milioni 6.5 hutoka katika mfuko wa wote. Milioni 130 huingia katika mfuko wa nani? Huingia kwa wenye hoteli, wenye mikahawa, wenye mashua na wenye ndege. Labda mpishi na mhudumu wanapata saa chache za ziada, na hilo ni jema. Lakini mtu akitwambia ya kwamba mji umepata faida, tumwulize ni mtaa gani wa mji. Hata hivyo twawapa halmashauri ile haki yao katika jambo moja: gharama ilitajwa, sababu zilitajwa, na kila mtu aliweza kubisha. Huko kwetu ni mara ngapi umesikia bei ya sherehe ikitangazwa kabla ya sherehe?

Miaka mitano baadaye, katika mji ule ule, yalitokea mambo ambayo kila mtu wa reli afaa kuyajua. Desemba 2024 vyama vya wafanyakazi wa treni za Sydney vilikuwa katika ugomvi wa mshahara na serikali ya jimbo. Walidai nyongeza ya asilimia 32 kwa miaka minne, na serikali ilitaka kutoa kidogo sana kuliko hapo. Wafanyakazi wakaanza mgomo baridi. Hapo serikali ikakumbuka ya kwamba watu kiasi cha 250,000 hutegemea treni kufika kwenye fataki na kurudi makwao usiku wa manane. Mkuu wa polisi wa jimbo, Karen Webb, akasema waziwazi ya kwamba treni zisipotembea huenda akashauri fataki zenyewe zifutwe, kwa kuwa umati ungekwama mjini bila njia. Serikali ikakimbilia baraza la usuluhishi wa kazi. Magazeti yakawapigia kelele wafanyakazi kana kwamba wameiba Krismasi. Mwishowe vyama vikaondoa vikwazo kwa usiku ule, treni zikatembea na mbingu ikapambwa. Mapatano ya mshahara hayakupatikana mpaka mwaka uliofuata.

Fikirini juu ya jambo hili. Kwa miezi mingi dereva, gadi na fundi wa taa za njia walikuwa wakisema kazi yao ina thamani, wala hakuna aliyewasikiliza sana. Zilipobaki siku chache kabla ya onyesho, ikaonekana ya kwamba baruti yote iliyopakiwa juu ya mashua ni bure kabisa bila mtu wa kuendesha treni. Bei ya fataki ni zaidi ya bei ya baruti. Yumo polisi wa zamu ya usiku, yumo mwuguzi wa huduma ya kwanza, yumo dereva, yumo mfagiaji anayeanza kazi saa tisa za usiku wakati waliosherehekea wamelala. Hesabu isiyowataja watu hawa ni ya uwongo, na mara nyingi wao ndio huachwa, kwa sababu yule mwenye kuuza baruti hulipwa kabla hajawasha, na mfagiaji huambiwa ovataimu yake itaonekana mwezi ujao.

Tena iko London. Kule onyesho la mwaka mpya kando ya mto Thames lilikuwa bure kwa kila mtu. Mwaka 2014 wakaanza kuuza tikiti kwa pauni 10, wakisema umati umekuwa mkubwa mno, na tangu hapo bei imepanda. Sababu ya usalama twaielewa. Lakini mwananchi wa pale amelipa mara ya kwanza kwa kodi na mara ya pili langoni, na asiye na pauni atazame kwa televisheni. Uzuri mmoja wa fataki ulikuwa huo, ya kwamba aliye juu ya kibanda cha mabati na aliye juu ya ghorofa wote huziona sawasawa. Ukiweka lango, uzuri huo umeuondoa, na sisi hatuoni sababu ya fedha za umma kubaki humo.

Turudi nyumbani. Katiba ya 2010 ilituwekea sikukuu tatu za taifa: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Tangu mwaka 2016, ilipofanywa Madaraka kule Nakuru, sherehe zimekuwa zikitoka Nairobi kwenda katika kaunti, na hili twalisifu. Mara nyingine sherehe imeacha nyuma uwanja uliotengenezwa, na uwanja hubaki kwa watoto. Fataki haziachi kitu. Tena Nairobi ni mji uliopigwa bomu mwaka 1998, na wako watu ambao kishindo cha usiku si furaha kwao. Watu hao nao ni walipa kodi.

Lakini zaidi ya yote twataka kukumbusha mwaka 2016. Tarehe 5 Desemba madaktari wa hospitali za umma waliweka vyombo chini, wakidai mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2013 yatimizwe. Sikukuu ya Jamhuri iliukuta mgomo una wiki moja. Uliendelea siku 100, viongozi saba wa chama chao wakatiwa ndani Februari 2017, na wagonjwa wakafa ambao labda wangepona. Mwaka huo huo, kuanzia Juni, wauguzi nao wakagoma kwa miezi mitano. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, ya kwamba fedha hakuna. Serikali isemayo hivyo kwa daktari haiwezi kusema zipo kwa mpiga fataki, hata shilingi moja. Na ikiwa wafanyakazi wa kaunti wamekaa miezi miwili au mitatu bila mshahara, jambo ambalo limetokea mara nyingi tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, basi hata gavana aliye mwema asitwambie habari za rangi za angani.

Wako ndugu watakaosema ya kwamba fataki ni fedha kidogo katika bajeti kubwa, na tukizifuta hatutapata mshahara wa hata tawi moja. Ni kweli, na wala hatudai ya kwamba zitafanya muujiza. Lakini mtu mwenye deni kwako akipita mbele ya mlango wako amevaa suti mpya, huhesabu bei ya suti. Unajua tu ya kwamba hafikirii deni.

Kwa hiyo maoni ya gazeti hili ni haya. Hatupingi fataki kwa siku iliyo kubwa kweli, ikiwa ni bure kwa watu wote. Twapinga kila onyesho la fedha za umma ambalo bei yake haikutangazwa mapema, pamoja na ujira wa zamu ya usiku na usafiri wa kuwarudisha watu. Twapinga pia onyesho lolote mahali palipo na malimbikizo ya mishahara au malipo ya uzeeni, mpaka yalipwe.

Wala hatuna haja ya kungoja hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali, na sheria iliyotungwa mwaka 2016 yamtaka afisa wa umma atoe uamuzi juu ya ombi kama hilo katika siku 21. Barua ni fupi: mlitumia kiasi gani kwa fataki katika sherehe iliyopita, mlimlipa nani, na wafanyakazi wa usiku ule walilipwa lini. Makatibu wa matawi wanaombwa kuandika barua hiyo kwa kaunti zao mwezi huu, watunze nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, na majibu yaletwe yasomwe katika mkutano wa matawi. Yule ambaye hatajibiwa alete nakala ile peke yake, nayo itasomwa.