Jangwa Lao na Msitu Wetu



Mji wa Tucson, kule Arizona (Marekani), uko katika jangwa. Mwezi wa 6 joto linapita mara nyingi digri 38. Kwa hiyo watu wanatumia vizuri mwezi wa 3 na wa 4: wanatoka asubuhi, chupa ya maji mkononi, wanatembea katikati ya saguaro, mmea wa miiba unaoweza kuishi miaka 150. Sheria inakataza kuukata ovyo.

Sisi tuko na mvua na miti mingi, lakini msitu tunaujua kwa kuni tu! Juu ya nini? Naomba somo la biolojia lifanyike inje, hata mara moja kwa mwezi. Mti usioujua jina, hutaulinda.